Diski Haijafa, Shem! Muulize Fundi Kuhusu Draiva

Mwezi huu kona yetu inaanza na ujumbe wa dada mmoja wa Magomeni Mikumi, mke wa mtu, mfanyakazi wa ofisi. Yeye na mumewe wana laptopu moja ya nyumbani. Mchana mume anaitumia kwa mahesabu ya biashara yake, usiku dada anamalizia ripoti za kazini, wikiendi inageuka kuwa sinema. Siku za karibuni imekuwa nzito, wakaamua kuivusha Jangwani mpaka Kariakoo ikapigwe window mpya. Asubuhi wameiacha kwa fundi inawaka vizuri tu. Saa kumi jioni simu inaingia: "Shem, diski imekufa. Hapa tununue SSD nyingine."

Basi nyumbani hapakulalika. Mume anasema mke ndiye aliyeiua kwa mtindo wake wa kuizima kwa kubonyeza swichi. Mke anasema wadogo zake mume na hizo flashi zao za muziki ndio walioleta balaa. Na ndani ya diski hiyo hiyo kuna picha zote za send-off na za harusi, ambazo hawakuziweka mahali pengine popote. Dada anauliza, wakope wanunue SSD, au waachane na hilo likompyuta?

Dada yangu, msinunue kwanza. Mwambie na shemeji apunguze sauti.

Tuanze na hilo ulilolisema mwenyewe bila kulitilia maanani. Asubuhi laptopu iliwaka. Nzito, lakini iliwaka, ikafungua Windows, ikafungua mafaili. Windows inakaa kwenye diski. Diski ikifa, Windows haifunguki. Sasa iweje iwe hai saa tatu asubuhi na maiti saa kumi jioni, wakati kilichofanyika katikati ni fundi kuchomeka flashi yake tu? Inawezekana, vifaa vinakufa ghafla. Lakini kuna jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko kifo. Diski ipo, nzima kabisa, ila programu ya kusakinishia Windows haiioni kwa sababu haina draiva yake.

DRAIVA NI NINI HASA?

Ndani ya kompyuta kuna ubao mkuu, ule mafundi wanaouita madabodi. Juu yake kuna chipseti, yaani kundi la chipu zinazoelekeza mawasiliano kati ya prosesa, diski, matundu ya USB na vinginevyo. Windows ikiingia kwenye mashine mpya ni kama bi harusi aliyehamia kwa wakwe jana. Haijui nani ni nani. Draiva ndiyo inayomtambulisha, huyu ni mama mkwe, huyu wifi, huyu mpangaji tu. Bila utambulisho huo kila mtu yupo sebuleni, lakini bi harusi hajui amsalimie nani kwa jina gani.

Kwa vifaa vingi Windows inakuja na draiva zake za kawaida, na mambo yanakwenda. Tatizo linaanza pale njia ya kuifikia diski inapopita kwa mtu wa kati. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020, zinakuja na kitu kinachoitwa VMD kikiwa kimewashwa kiwandani. VMD inazikusanya SSD chini ya usimamizi wake, na anayetaka kuziona lazima apite kwake. Flashi ya fundi yenye Windows ya kawaida mara nyingi haina draiva ya VMD. Ikifika kwenye hatua ya kuchagua diski, orodha inatoka tupu, na skrini inaandika kwamba hakuna diski iliyopatikana.

Fundi asiyelijua hili ataamini kabisa kwamba diski imekufa. Simtetei, lakini simwiti mwizi pia. Wengi wao wamejifunzia kwenye mashine za zamani ambazo hazikuwa na mambo haya, na wanapokea kompyuta kumi kwa siku. Wapo pia wanaojua vizuri sana na wanakuuzia SSD hivyo hivyo, kisha ile yako "mbovu" inapata bwana mwingine. Wewe huna haja ya kujua umekutana na yupi, swali la kumuuliza ni lile lile.

UNAVYOJUA KAMA NI MSIBA WA KWELI

Kwanza angalieni kizazi cha prosesa. Soma namba kwenye kibandiko au kwenye karatasi ya ununuzi. i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1240P ni cha 12. Ikiwa yenu ni ya 11 kwenda juu, VMD ndiyo mshukiwa namba moja. Mkiona ni ya chini ya hapo msifurahi mapema, kwa sababu Dell Latitude nyingi, hata za kizazi cha 8, zinatoka kiwandani diski ikiwa kwenye mpangilio wa RAID badala ya AHCI, na hapo pia Windows inaweza kuja ikapotea njia.

Pili, ingieni BIOS. Ni ile skrini ya mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza. Washa huku ukigonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Tafuteni sehemu ya vifaa vya kuhifadhia. Mkiona jina la diski na ukubwa wake, mathalani 256 GB, basi diski inapumua na mna tatizo la utambulisho tu. Wakati mwingine jina lake limejificha ndani ya ukurasa wa VMD au wa RAID, kwa hiyo msikate tamaa kwenye ukurasa wa kwanza. Ikiwa hata BIOS haioni kitu popote, au ni diski ya zamani ya kuzunguka na inagonga kama saa ya ukutani, hapo ndipo fundi anaweza kuwa amesema kweli.

Mkirudi kwa fundi msiende kwa shari. Maneno haya yanatosha: "Kaka, samahani, naomba kabla ya kubadilisha diski tujaribu na draiva ya VMD." Fundi mzuri atakuelewa palepale. Akianza kukasirika eti unamfundisha kazi, chukua mashine yako na chaja yako, na usisahau kuhakikisha kwamba diski bado imo ndani. Akikubali, mlipe kazi yake. Kutafuta draiva na kuipakia ni kazi kama kazi nyingine, na ni nafuu kuliko SSD.

Kama mnataka kujaribu wenyewe, mnahitaji kompyuta nyingine yenye intaneti, flashi, na jioni moja yenye utulivu. Nendeni kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni iliyotengeneza laptopu, Dell au HP au Lenovo, muingize namba ya mashine iliyo chini ya kasha. Itawafungulia draiva za mashine hiyo hiyo, siyo za kufanana nayo. Mnayoitafuta imo kwenye kundi la uhifadhi, na jina lake mara nyingi lina maneno Intel Rapid Storage au VMD.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na nataka mpaelewe. Ile faili mliyoishusha ni kifurushi kilichofungwa. Mkikitia kwenye flashi kama kilivyo, Windows itasema haioni draiva yoyote, nanyi mtadhani nimewadanganya. Kinatakiwa kifunguliwe kwanza. Vifurushi vya Dell na Lenovo vikibonyezwa vinakupa chaguo la kutoa vilivyomo bila kusakinisha. Vya HP vinajifungulia ndani ya folda iitwayo SWSetup. Mkishaona folda yenye mafaili yanayoishia na inf, hiyo folda ndiyo ya kunakili kwenye flashi. Halafu mkifika kwenye ile skrini isiyo na diski, bonyezeni "Load driver", mwelekezeni kwenye folda, mchagueni aliyetajwa VMD, na subirini sekunde chache. Diski inatokea kama mtu aliyekuwa chooni wakati mnamtafuta.

SASA SIMAMENI! Dada wa Mikumi, hapa nakusemesha wewe. Diski ikishaonekana, usibonyeze kuendelea. Hatua inayofuata ndiyo inayofuta. Kupiga window kwa kusafisha diski kunaondoka na send-off, harusi na mahesabu ya shemeji. Sitisha, rudi nyuma, na kama fundi hajagusa kitu basi laptopu itawaka na Windows yenu ile ile nzito. Nakilini picha kwenye diski ya nje. Ndipo mrudi kupiga window kwa amani.

NJIA YA MKATO NA MWIBA WAKE

Kuna mafundi watakaokwambia, mambo mengi ya nini, tunaingia BIOS tunaizima VMD, tunaweka AHCI, kwisha. Ni kweli, Windows mpya itaiona diski bila draiva ya ziada, na kwa mtumiaji wa kawaida mwenye diski moja hatapungukiwa na kitu cha kumkosesha usingizi. Mimi mwenyewe naona ni njia safi kwa mashine inayoanza upya.

Lakini ukifanya hivyo kwenye mashine ambayo ina Windows tayari na una shida na vilivyomo, siku hiyo hiyo utakutana na skrini ya bluu inayosema diski ya kuwashia haifikiki. Windows ile ilizoea kupita kwa VMD, leo umeondoa mlango. Ukirudisha mpangilio kama ulivyokuwa, kwa kawaida inawaka tena, kwa hiyo mkiona bluu msipige kelele, rudisheni kwanza. Ipo namna ya kuhama salama kwa kupitia Safe Mode. Inafanya kazi, ila siyo ya kujaribia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti kwa bosi.

Wakongwe wa enzi za Windows XP mnakumbuka hii sinema. XP ilitoka mwaka 2001, na diski za SATA kwenye mpangilio wa AHCI ilikuwa haizijui. Ilibidi ubonyeze F6 mwanzoni kabisa kisha uweke flopi yenye draiva, na hiyo flopi uitafute wakati kompyuta zenyewe zimeshaacha kuwa na mlango wa flopi! Windows Vista ya mwaka 2007 ikaja na draiva ya AHCI tumboni, watu wakasahau. VMD imeturudisha kwenye F6, tofauti ni kwamba sasa flopi imekuwa flashi.

Na kwa nini maswali haya yamekuwa mengi? Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kila mtu anataka kuhamia Windows 11, na Windows 11 kwa masharti yake inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Watu wananunua laptopu za ofisi za Ulaya na Dubai zilizotumika, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuipiga window.

ASIKUDANGANYE MTU KWA UMRI

Mkishamaliza kusakinisha, fungueni Device Manager. Kama kuna vitu vina pembetatu ya njano, na majina kama "SM Bus Controller" au "PCI Device", chipseti haijatambulishwa. Wacheni kwanza Windows Update ifanye kazi yake, mara nyingi inamaliza yote. Isipomaliza, rudini kwenye ukurasa ule ule wa kampuni, wekeni ya chipseti kwanza, ya diski, kisha picha, sauti na mengineyo. Kama Wi-Fi yenyewe haishiki, anzeni nayo hiyo, maana bila intaneti hamfiki popote.

Sasa usije ukafungua maelezo ya draiva ya chipseti ya Intel ukapata presha. Utakuta imeandikwa tarehe 18 Julai 1968! Kompyuta yako haijachanganyikiwa. Hiyo ndiyo siku Intel ilipoanzishwa, na wameiweka makusudi. Faili hilo kazi yake kubwa ni kuipa Windows majina sahihi ya vifaa, na likipewa tarehe ya kizee namna hiyo haliwezi kumsukuma nje draiva mwenzake mwenye kazi maalumu zaidi. Microsoft nao wana yao, draiva zinazokuja na Windows zinaonyesha 21 Juni 2006 hata kama zilitengenezwa juzi.

Kwa hiyo zile programu zinazojitokeza na kukutangazia kwamba una draiva 14 zilizozeeka, lipia sasa hivi, zipuuze. Nyingi zinaangalia tarehe tu, na zingine zinakuachia matangazo na takataka ambazo kuziondoa inabidi umrudie fundi. Ni sawa na lile CD la draiva za kila kompyuta duniani ambalo zamani kila fundi alikuwa nalo begani.

Kusasisha nako kuna kiasi. Draiva ya chipseti mkishaiweka sawa mnaweza kukaa miaka. Wenye kompyuta za mezani za AMD Ryzen ndio ningewashauri wachungulie tovuti ya AMD mara mojamoja, kwa sababu kifurushi chao cha chipseti kinagusa hadi matumizi ya umeme na namna prosesa inavyogawa kazi. Draiva ya diski ninyi iacheni. Kama kompyuta inawaka, haigandi, na kampuni haijatoa tangazo la kosa, unatafuta nini? Ikibidi, nakilini mafaili kwanza, betri iwe imejaa, na msianze wakati mnasikia LUKU inalia. Ikileta vurugu baada ya hapo, ndani ya Device Manager kuna kitufe cha "Roll Back Driver" kinachorudisha ile ya zamani.

UFUNGUO UKO KWENYE EMAIL YA NANI?

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalovunja nyumba. Laptopu nyingi za siku hizi, ukiingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, zinajifunga diski kwa siri bila kukuuliza sana. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024 ndilo lililopanua zaidi utaratibu huo. Kila siku hutaona tofauti. Siku fundi akigusa mipangilio ya BIOS, ikiwemo hiyo VMD tuliyoizungumza, mashine inaweza kuamka na skrini ya bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Hapo hakuna cha fundi bingwa wa Kariakoo wala wa Dubai. Bila hizo tarakimu, picha zimekwenda.

Ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti ya aliyeiwasha laptopu mara ya kwanza. Jiulizeni ni nani. Kwa wengine ni mume. Kwa wengine ni mdogo wake aliyesaidia siku ya kwanza. Kwa wengine ni ofisi ya zamani uliyoacha kazi kwa ugomvi. Na kuna dada mmoja mahali fulani ambaye laptopu yake inafunguliwa na email ya mchumba wa kabla ya mume, na hajui hilo mpaka leo. Heri ujue jioni hii kuliko kuja kumpigia simu yule bwana saa sita usiku, shemeji akiwa kitandani anasikiliza.

Shika simu, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa email mnayotumia kwenye laptopu. Ukiona orodha yenye jina la kompyuta yenu, andika zile tarakimu kwenye karatasi na muihifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Mkikuta hakuna kitu, fungueni mipangilio ya Windows mwone kama diski imefungwa. Kama imefungwa na ufunguo hamuuoni, nakilini mafaili yote sasa hivi wakati bado inawaka, ndipo mengine yafuate.

Swali moja limebaki, la kaka wa Magomeni Kagera anayetaka kujua kama amwachie fundi paswedi ya laptopu. Kaka, fungua akaunti nyingine ya muda isiyo na picha zako, mpe hiyo, na ukiichukua mashine uifute. Mwezi ujao tutaingia kwenye printa zinazogoma siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya kazi. Maswali yaendelee kuja!